Vidonda vya Tumbo vya Baba Yusta

Anord Kihwele ni mtu wa Igowole, lakini hapa Chimala tunamhesabu wa kwetu. Alikuja miaka ishirini iliyopita kununua mpunga, akabaki kuwa fundi wa mashine ya kukoboa. Tunamwita Baba Yusta. Ni yule mtu anayetafuna punje moja ya mpunga wako, anaitema, halafu anakwambia mbele za watu, "Huu haujakauka, mama. Urudishe juani, utakatika wote." Wateja walikuwa wananuna. Walinuna, halafu msimu uliofuata walirudi kwake, maana hakuwahi kumdanganya mtu.

Mtu huyo ndiye aliyedanganywa na watu wake kwa miezi minane. Na mimi Sabina, mwenye duka la dawa hapa barabarani, wakanitumia bila mimi kujua. Sijalimeza hilo mpaka leo.

Ilianza mwaka juzi, mwezi wa tisa. Baba Yusta alikuwa anainua gunia, kifua kikambana, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wakamkimbiza hospitali Mbeya. Kesho yake daktari akawaita ndugu pembeni: mkewe Evarista, na kaka yake mkubwa, Didas, aliyekuja mbio kutoka Igowole. Akawaeleza kwa Kiswahili chepesi kabisa. Mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba, na sehemu ya moyo imeumia. Dawa alizoandikiwa ni za maisha, asiziache hata siku moja. Sigara basi. Mafuta na chumvi apunguze, na akipata nguvu awe anatembea kila siku. Daktari alitaka kumweleza mgonjwa mwenyewe. Didas akasema, "Hilo tuachie sisi, daktari. Tunajua namna ya kumwambia."

Huku kwetu habari nzito haipewi mtu hivi hivi. Ukifiwa ukiwa mbali unaambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo haraka, na kilio unakikuta mlangoni. Ni desturi, na mara nyingi ina huruma ndani yake. Didas akaitumia kwa mtu aliye hai. Alisema mdogo wake akisikia ni moyo, hofu yenyewe itamuua. Basi pale pale kwenye korido wakakubaliana na shemeji yake: tutamwambia vidonda vya tumbo. Nani siku hizi hana vidonda vya tumbo?

Kliniki Didas aliingia naye mara mbili, akijibu kila swali yeye, kana kwamba ndugu yake hana ulimi. Baadaye akawa anafuata dawa peke yake. Cheti kilikuwa cha Kiingereza na alikaa nacho yeye.

Baba Yusta aliutunza ugonjwa wake wa uongo kwa uaminifu mkubwa. Aliacha maharage, aliacha pilipili, hata ulanzi, pombe ya mianzi, aliuaga. Kila asubuhi alikunywa maziwa ya ng'ombe wa mzee Nkuba, na mafuta yake juu, kwa sababu maziwa hutuliza tumbo. Kwenda mashineni akapanda bodaboda, asijichoshe. Sigara aliendelea nayo. Alisema moshi unaenda mapafuni, tumboni haufiki. Mkewe alipoificha pakiti waligombana mpaka majirani tukasikia, na mama wa watu hakuwa na sababu ya kumpa.

Mwezi wa nne alikuja dukani kwangu na mfuko wa dawa zake.

"Kamwene, dada Sabina. Hebu niangalizie hizi. Nikizimeza tumbo linawaka moto."

Nikasoma majina. Mojawapo ilikuwa aspirini.

"Baba Yusta, uliambiwa unaumwa nini hasa?"

"Si vidonda vya tumbo!"

Kulikuwa pia na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, na hiyo ilinitatiza. Inamtafutia nini mtu wa tumbo? Nikampigia mkewe hapo hapo, simu nimeiweka sauti ya juu.

"Mama Yusta, mzee yuko hapa na dawa zake. Hospitali walisema anaumwa nini?"

"Vidonda vya tumbo, dada."

Nikakata simu. Nikamwambia Baba Yusta kwamba aspirini inachubua tumbo, mtu wa vidonda haigusi. Aiache, aende kwa daktari akaulize. Kosa langu lipo hapo na silikwepi. Nilipaswa kudai cheti kabla ya kufungua mdomo. Yeye kwa daktari hakwenda. Alisema aliyekosea dawa moja amekosea zote, akazitumbukiza zote chooni. Mimi nilijiona nimesaidia mtu.

Haikupita wiki ya tatu, akaanguka asubuhi pembeni ya mashine. Mbeya tena. Alipopata nguvu ya kuongea, daktari akamwuliza, mkewe akiwa amesimama hapo:

"Mzee, nani alikwambia uache dawa za moyo?"

"Moyo gani?"

Evarista anasema daktari aligeuka akamtazama yeye, na yeye akatazama sakafu.

Safari hii moyo ulibaki umechoka, unasukuma damu kwa shida. Baba Yusta alirudi na miguu imevimba, analala kwa mito mitatu, na kutoka kitandani mpaka mlangoni lazima apumzike. Mashine amewaachia wengine. Nilikwenda kumwona. Nikamwomba radhi.

"Wewe uliuliza," alinijibu. "Uliuliza mimi nikisikia kwa masikio yangu." Hakumtazama mkewe, na mkewe alikuwa amekaa hapo hapo anamenya viazi.

Didas alikuja na jogoo na maneno matamu. "Tulikuwa tunakulinda, mdogo wangu."

"Mlikuwa mnanilinda na nani, kaka? Nimevuta sigara miezi minane unaniangalia. Umekaa na mimi kwenye benchi lile pale nje, nimewasha, umeniangalia."

Didas aliinuka. Jogoo alirudi naye Igowole.

Nilimkabili Evarista peke yake, kwa hasira zangu zote. Akalia. "Alikuwa amesimama hapo kwako, dada. Ningesemaje?" Nikamwambia namba yangu anayo. Angesubiri dakika tano, akanipigia. Mpaka leo najiuliza kwa nini hakupiga, na nadhani hata yeye hajui.

Dawa zake sasa Baba Yusta anazijua kwa majina, nimemweleza moja moja, ya kuzuia damu kuganda, ya mafuta, ya kupunguza maji mwilini, na ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Maziwa anakunywa yaliyoondolewa mafuta. Sigara aliacha siku ile ile aliyoambiwa ukweli, bila ugomvi na mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi uliopita Evarista alimsindikiza kliniki. Aliporudi alipitia dukani, akakaa kwenye gunia la chumvi la jirani yangu bila hata kunisalimia.

"Nesi alikuwa anajaza fomu mpya," akasema. "Akamwuliza, mzee, ndugu wa karibu wa kupewa taarifa zako ni nani? Nikafungua mdomo nitaje jina langu kama siku zote. Akaniwahi. Akasema, andika Anord Kihwele. Nesi akacheka, mzee, huyo si wewe? Akasema ndiyo, andika. Nesi akamwuliza, hakuna mwingine?"

Alijifuta uso na kanga.

"Dada, nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu limegusa la kwake. Akasema hakuna."