Tuliyempanga Siku ya Nne

Mwaka wa mwisho wa chuo, pale Musoma, kundi letu la watu wanne lilipewa kazi ya kutengeneza video ya muziki. Mimi nilipewa kupanga ratiba kwa sababu, walisema, sipendagi mambo ya kuchelewa. Kamera ya chuo tuliruhusiwa kukaa nayo siku nne tu, Jumanne hadi Ijumaa.

Wimbo ulikuwa wa rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja Kigera. Aliutunga kwa ajili ya baba yake, mvuvi wa dagaa kwenye kambi ya kisiwa cha Rukuba. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba akawa anamsuka nywele mwenyewe kila Jumapili kabla ya kanisa, vibaya, mpaka watoto wenzake wanamcheka. Hayo yote yalikuwa ndani ya wimbo. Kwenye ubeti wa mwisho baba angeonekana ameketi, binti akimwimbia.

Tulikaa kitandani na daftari. Nikaandika: Jumanne chumbani kwetu, Jumatano Nyegina na kwaya, Alhamisi Butiama mashambani, Ijumaa Rukuba. Kisiwa nilikiweka mwisho kwa sababu ziwa linaweza kuchafuka, na kamera ikilowa siku ya kwanza tumekwisha wote.

Aliiangalia ratiba muda mrefu. Akasema kwenye simu baba alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na miguu imeanza kuvimba. Hospitali ameahidi ataenda msimu ukipungua.

"Naomba tuanze naye," akasema.

"Baba yako yuko palepale kisiwani," nilimjibu. "Haendi popote."

Hakubishana. Alimpigia baba yake, akamwambia Ijumaa.

Siku mbili za kwanza zilienda vizuri. Alhamisi tulikuwa Butiama, kwenye shamba la mtama, yeye amevaa gauni la njano. Simu yake ndiyo iliyokuwa inapiga wimbo ili aufuatishe kwa midomo, tukaizuia isipokee simu, kwa hiyo mtu aliyemtafuta akapiga kwenye namba yangu, ambayo baba yake alikuwa nayo. Alikuwa mvuvi mwenzake na baba yake. Aliniuliza kwanza kama binti ananisikia. Kisha akasema mzee ameanguka asubuhi akianika dagaa, wakampakia kwenye boti kumkimbiza mjini, na amekata roho kabla hawajafika.

Nilirudi katikati ya mtama. Alikuwa anaimba, anatabasamu kama tulivyomwelekeza. Nilisimama mpaka ubeti ukaisha, maana sikuweza kuukata. Halafu nikazima simu yake.

"Ni baba?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Tulimzika Jumamosi Nyegina, kando ya mke wake. Baada ya maziko yule mvuvi alikuja tulipokaa na wanawake, akakaa chini, akatafuta neno la kutufariji.

"Mzee alinyoa ndevu tangu Jumanne, wanangu," alisema. "Nikamwambia wageni ni Ijumaa. Akasema, wakiwahi je?"

Alicheka kidogo. Rafiki yangu naye akacheka, kisha akalala kwenye mapaja ya shangazi yake na hakuinuka tena mpaka watu wakatawanyika. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba.

Chuo kilituongezea muda. Tulitaka kubadilisha ubeti wa mwisho, yeye akakataa. Wiki iliyofuata tukavuka kwenda Rukuba, akasimama kwenye uwanja wa kuanikia, wanawake wakigeuza dagaa nyuma yake. Mstari wa tatu akafunga mdomo. Wimbo ukaendelea, sauti yake ikiimba peke yake, yeye anatazama kamera. Mwenzetu alitaka turudie. Yeye akasema iachwe hivyohivyo. Mwalimu alitukata alama kwa midomo kutofuatana na sauti, na sisi hatukueleza.

Tukiwa kwenye boti kurudi nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba ningemsikiliza, kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

"Usiniambie hivyo," alisema. "Sitaki kuwa sahihi."

Sasa anafanya kazi Bunda, ana watoto wawili. Tunapigiana simu, tunaongea sana, habari za homa za watoto na mvua zilizogoma. Mwaka jana mtoto wake mkubwa alimwuliza babu alikuwaga mtu wa namna gani, akanisimulia alivyomjibu. Ile video hajamwonyesha.