Benchi la Akina Yosefu

Nyie wenzangu mliokulia Ufipa enzi zile za kuvaa sweta la shule mpaka viwiko vichungulie nje, mtanielewa nikisema kwamba darasani kwetu akina Yosefu walikuwa wengi kuliko madawati. Mwalimu akiita "Yosefu!" safu nzima inasimama. Ilibidi kila mmoja apewe cha kumtofautisha: Yosefu Mrefu, Yosefu wa Kisimani, na Yosefu Kamasi, ambaye leo ni mzee mwenye heshima zake na sitasema alistaafu ofisi gani.

Mimi ni Yosefina. Nilizaliwa nyumba nzima ikimngoja mvulana, jina la babu mzaa baba limeshaandaliwa kabisa, nikatokea mimi. Wakaanza kunitafutia jina jingine. Babu akakataa. Alisema jina lake halina ugonjwa, mtoto apewe lilivyo na padri atajua namna ya kulimalizia. Ndivyo nilivyoingia kwenye ukoo wa akina Yosefu, nikiwa msichana pekee.

Kijiji chetu hakikuwa mbali na Mollo, nyika tupu na upepo. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inatupasua visigino, na dawa yake ilikuwa mafuta ya kula, yakikosekana unasubiri mwezi wa tisa. Asubuhi tulikwenda shule kila mtu na kuni zake kichwani, tumeshashiba kiporo cha ugali wa ulezi na maharage. Mchana ni rede, mpira wa soksi uliojazwa matambara, unakupiga mgongoni unasikia mpaka kwenye meno. Baada ya mavuno tulicheza kombolela kwenye mabua ya mahindi, na aliyejificha vizuri mno alisahaulika huko hadi mama yake aanze kuita. Wajukuu zangu leo wakikaa nje kidogo wanasema vumbi linawaletea mafua. Sisi vumbi ndilo lilitulea.

Lakini nataka kuwasimulia habari ya jina. Siku hizi mtoto anafanyiwa besdei, anakatiwa keki, halafu wenzake wanammwagia ndoo ya maji na wote wanafurahi, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Sisi wengi hata tarehe ya kuzaliwa hatukuijua. Mama akikwambia ulizaliwa wakati wa palizi, imetosha. Tulichosherehekea ni sikukuu ya somo, yaani siku ya mtakatifu ambaye umepewa jina lake. Na watu wenye jina moja nao waliitana somo, wakasaidiana kama ndugu. Somo wako akijenga, unabeba tofali. Akifiwa, unakesha.

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu huangukia mwezi wa tatu, katikati ya Kwaresima. Hebu fikirieni. Maghala yamebaki vumbi, mahindi mabichi ndiyo kwanza yanaanza kushika punje, kijiji kizima kinafunga na kula maharage yasiyo na mafuta, halafu kwa Babu Yosefu panachinjwa kuku! Akina Petro na akina Anton walipita nje taratibu sana siku hiyo, wakisalimia mara mbili mbili, nasi tuliwaitikia tukiwa tumeshiba maringo kabla hata chakula hakijaiva.

Babu alikuwa na benchi refu la ubao mmoja mpana, alilolichonga mwenyewe kwa shoka na tezo. Siku hiyo lilitolewa nje, akina Yosefu wote wa kijiji wakapangwa hapo, wazee mwanzoni na watoto mwishoni. Alikuwepo hata Yosefu wa Migebuka, mchuuzi wa samaki wakavu aliyepanda milima kutoka ziwani, ambaye kwao ilikuwa ng'ambo huko, maji mengi katikati. Alipanga chumba kijijini kwetu na hakuwa na mtu, ila siku ya somo alikaa jirani kabisa na Babu.

Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kula, kila mtu anasimama na kutaja Yosefu wake, kati ya wale wa zamani, na alichokifanya. Babu alisema, "Unakula kwa jina la mtu. Humjui, nenda ukachote maji, utakula kesho." Wazee wengi walimchagua yule seremala wa Nazareti, mtu wa kazi, mpole. Vijana walimpenda yule wa Misri, aliyeuzwa na kaka zake halafu akaja kuwagawia nafaka wakati wa njaa. Binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimsimulia huyo kwa mbwembwe hadi tukamwita Yosefu Misri. Yosefu wa Migebuka naye kila mwaka alimtaja huyohuyo, ila kwa sentensi moja tu. Alisema, "Wangu ni yule wa ugenini," akakaa.

Mwaka nilioanza kujielewa, nikasimama na mimi. Misri akadakia kabla sijafungua mdomo.

"We Yosefina wako nani? Hawa wote ni wanaume. Nenda jikoni."

Watoto wakacheka. Nikatafuta Yosefu wa kwangu kichwani nisimpate, kwa kuwa wawili ninaowajua walishachukuliwa. Babu hakunitetea. Aliniangalia tu, akangoja, halafu akampa nafasi anayefuata. Nikaenda jikoni kwa Bibi nikala shingo ya kuku na machozi, na nawaambieni ukweli, sijawahi kuumia vile hata siku ya kufeli mtihani.

Wiki chache baadaye ikafika Ijumaa Kuu. Mnakumbuka masomo ya siku ile yalivyokuwa marefu, mmesimama, miguu inawaka, mawazo yote yako kwenye wali wa Pasaka. Nikiwa katikati ya kuuwaza huo wali, nikasikia msomaji akimtaja Yosefu. Tena siyo seremala, siyo wa Misri. Mtu wa Arimathaya, aliyekwenda kuomba mwili wa Yesu wakati rafiki zake wamekimbia, akauzika kwenye kaburi jipya alilokuwa amejichongea mwenyewe. Nilimshika mkono Bibi nikambana hadi akanifinya. Nilikuwa nimempata wangu!

Nikakaa naye kimya mwaka mzima, mtoto mdogo, sikumwambia mtu asije akachukuliwa. Sikukuu iliporudi nikasimama mwisho wa benchi, nikamtaja Yosefu wa Arimathaya na kaburi lake lote. Misri akapiga kelele, "Yosefu wa makaburi!" Benchi zima likacheka, mpaka wazee. Babu peke yake hakucheka. Akachukua bakuli la nyama, akatafuta tafuta kwa kijiko, akaniletea firigisi.

Wasomaji wangu hamhitaji kuelezwa firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na akikosekana mwenye nyumba ni ya mgeni wa heshima. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"We mzee! Firigisi kwa mtoto wa kike?"

"Hajapewa mtoto wa kike," Babu akasema. "Kapewa Arimathaya."

Tangu siku hiyo sikuitwa Yosefina tena pale kijijini. Niliitwa Arimathaya, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea, mwisho kwa upendo. Nililala njaa siku nyingi utotoni, lakini ile firigisi bado naisikia ulimini.

Sasa, juu ya jiko la Bibi, darini, kulikuwa na mbao za mninga ambazo Babu alizipanga hapo kwa ajili ya jeneza lake. Wazee wengine walifanya hivyo, na hakuna aliyeona ni mkosi. Zilikaa kwenye moshi miaka mingi zikawa nyeusi, wadudu hawazigusi. Babu alikuwa akizigonga kwa fimbo na kusema amejenga nyumba mbili, ya sasa na ya baadaye. Sisi watoto tuliziogopa kidogo, na Bibi alizitumia kutuchunga. Ukidokoa nyama, Babu atakufungia mbaoni.

Masika moja Yosefu wa Migebuka alishikwa na homa, na haikumaliza wiki. Mvua ilikuwa imekata njia ya ziwani, wala hakuna aliyejua kwao ni kijiji gani huko ng'ambo. Watu wakashauriana wamzike kwa mkeka, kama ilivyokuwa kwa asiye na ndugu. Babu alisikiliza yote hayo amekaa kwenye benchi lake. Kisha akageuka akaniita.

"Arimathaya. Panda darini."

Nilikuwa mwepesi, nikapanda. Nikaanza kumpitishia mbao moja moja, yeye yuko chini anazipokea na kuzifuta masizi kwa kiganja. Bibi alipofahamu kinachoendelea alishika kiuno.

"Na wewe tutakuzika na nini? Na mkeka?"

Babu wala hakufikiri. Alisema, "Akina Yosefu si wapo?"

Basi, Yosefu wa Migebuka akazikwa kwa mninga, mchuuzi wa samaki kwenye jeneza ambalo hata tajiri wa mjini angelitamani. Dari ikabaki wazi. Bibi alinung'unika miaka, na Babu hakununua mbao nyingine.

Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Kate habari za msiba wake ziliponifikia. Nilipanda lori la mahindi na kanga mbili, sina kitu kingine. Njia nzima nilikuwa nawaza swali la Bibi, tutamzika na nini, nikalia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe, maana yeye alishakula chumvi nyingi. Nilipoingia uani nikasimama. Ukutani zilikuwa zimeegemezwa mbao. Mmoja wa msonobari, mwingine wa mkaratusi, mwingine umetoka kwenye mlango na alama za bawaba zinaonekana, mwingine ni wa kitanda. Akina Yosefu walikuwa wamekuja, kila mmoja na ubao wake. Yosefu Mrefu, Yosefu wa Kisimani, Kamasi ameshuka na suti kutoka mjini, ubao kwapani. Fundi analalamika kwamba unene haulingani, na hakuna anayemsikiliza.

Misri akanijia, mtu mzima sasa, macho mekundu.

"Pole, Arimathaya. Tumekuachia nafasi ya ubao mmoja, kwenye kifuniko."

Mimi, niliyefukuziwa jikoni! Sikuwa na ubao. Nikazunguka uani nikitafuta, nikaliona benchi. Nikamwomba fundi aubandue ule ubao wa juu, Bibi akaitikia kwa kichwa, na ukatosha kifunikoni bila kukatwa sana. Babu akalala chini ya ubao tulioukalia sote. Jeneza lilikuwa na rangi kila upande kama blanketi la viraka, na sijaona jingine zuri kama lile.

Ila benchi lilibaki miguu. Mwaka uliofuata akina Yosefu walikuja wachache wakakaa kwenye viti vya kuazima, uliofuata tukapunguka, wengine wakahamia mjini, na sikukuu ikafa yenyewe bila mtu kuiua.

Siku hizi ninaishi Kizwite, mjini. Mitaa yetu imejaa watoto wenye majina yanayometameta, nikiyaita ulimi unateleza. Mjukuu wangu anaitwa Glori, ingawa kwenye ubatizo ni Yosefina, jina langu, ambalo hulitumia akijaza fomu tu. Mwaka huu sikukuu ya somo ilipofika nikachinja kuku wa kienyeji, nikamketisha mezani, nikamwambia ataje Yosefu wake kwanza, kama babu yangu Yosefu alivyotutaka sisi.

"Poa Bibi, subiri," akasema, akatoa simu.

Akaanza kunisomea. Wafalme wa Ulaya akina Yosefu, mapadri, wachezaji mpira, waimbaji, wanasayansi, dunia nzima na karne zote, kidole kinasukuma tu na hawaishi. Nilistaajabu, nisiseme uongo. Enzi zetu tulikuwa nao watatu na tuligombana kuwagawana. Kisha akasita, akarudi juu, akashuka tena.

"Mbona babu yako simuoni?"

Nikamwambia huyo hayumo, akaiweka simu kifudifudi, nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie. Nikamwonyesha na dari yetu. Humo nimeweka mbao zangu, za mninga, kwa siku yangu. Nikamwambia akitangulia somo yeyote asiye na mtu, wazitoe, wasije kuniuliza.

"Sasa wewe tutakuzika na nini?" akauliza.

Swali lilelile la Bibi. Babu alilijibu papo hapo, kwa sababu aliwajua akina Yosefu wake kwa sura na kwa nyumba zao. Mimi nilifungua mdomo nikawatafuta. Misri amekwishatangulia, Mrefu haoni tena, Kamasi yuko mbali. Wale wa kwenye simu, wengi hivyo, hakuna atakayekuja Kizwite na ubao kwapani.

Glori akaangalia dari, kisha akaniangalia mimi.

"Mimi nitaleta ubao mmoja," akasema. "Ila itabidi unionyeshe zinauzwa wapi."

Nikavuta bakuli, nikatafuta tafuta kwa kijiko, nikamwekea firigisi.