Zamu ya Jembe na Zamu ya Jiko

Kwetu Masisi, kwenye vilima vya juu ya Sake, wanawake tunalima kwa likirimba: leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu, na asiyelima kwa wenzake halimiwi. Naipenda desturi hiyo. Jembe la peke yako linachosha. Majembe mengi yana nyimbo na utani.

Msimu mmoja wa maharage mama mkwe wangu alivunjika mguu. Nikabaki nyumbani kumwogesha, kumgeuza, kuteka maji kule bondeni, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, kufua, na kulisha watoto wasioisha njaa. Zamu yangu ilipokaribia, mvua ilikuwa mlangoni na shamba langu lilikuwa majani matupu. Maharage yakichelewa, tungekula nini?

Nilipoomba wanilimie, prezidanti wa likirimba yetu, mama mwenye jembe kali na ulimi mkali zaidi, alinijibu mbele ya wote. Nyumbani kwake mabinti wakubwa ndio waliofanya kazi zote.

"Mama, jembe yako hatukuiona. Mukono mutupu haulambwi. Weye ulikuwa unaikala tu ku nyumba."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

"Basi kesho weye ikala kwangu," nilimwambia. "Miye nitalima pahali pako."

Alikubali akicheka.

Siku hiyo nilifurahi, jamani. Nililima, nikaimba, mchana nikala viazi nimekaa kivulini, na hakuna mtoto aliyenililia. Jioni nilimkuta prezidanti kwenye mafiga, kitambaa cha kichwa kimemshukia shingoni, bugali umeungua, ndoo bado tupu. Mama mkwe alikuwa safi kitandani, akicheka mpaka machozi. Alisema amegeuzwa kama gunia la makaa.

Prezidanti hakucheka. "Hata kuikala sikuikala," alisema, akaondoka bila kunitazama.

Asubuhi yake nilisikia majembe yakigongana njiani. Walikuja wote, yeye mbele, na kabla jua halijawa kali shamba langu lilikuwa tayari kwa mbegu. Tangu hapo, siku ya kuuguza inahesabiwa siku ya jembe. Prezidanti mwenyewe ndiye anayeitetea kuliko wote. Aisifuye mvua imemnyea.

Zamu ya prezidanti ilipofika, mama mkwe akitembea tayari kwa fimbo, niliwahi kwake na jembe begani. Akalichukua, akaliegemeza ukutani.

"Hapana, mama," alisema. "Weye ingia mu jiko. Leo mabinti zangu wapumuzike."