Bugenvilia ya nyuma ya choo

Jumamosi, nikingojea karatasi yangu kwenye ofisi ya zone, yaani ya wilaya, nilimsikia karani mkuu akimfokea mzee mtunza bustani.

"Citoyen, mugeni wa serikali anafika juma lijalo, na bugenvilia yako ya hapa mbele haina hata ua moja! Nitakufukuza kazi."

Mzee alielekeza kidevu kwa watu wa salongo, kazi ya umma ya lazima, waliojipanga na ndoo za maji. "Chef, ni weye uliamuru waimwangie maji asubui na mangaribi. Ile muti ikishiba maji inaleta majani tu. Angalia ile ya nyuma ya choo, hakuna mutu anaimwangia."

Tuligeuka sote. Ilikuwa nyekundu tupu, jani halionekani.

Karani alipoa. "Muzuri. Unabakia na kazi. Sasa mupeleke ndoo zote kule."

Mzee alinitazama, akacheka bila sauti. Hapa Bunia nimeona vingi vilivyostawi mpaka siku wakubwa walipovipenda.