Nilisema Halas, Majivu Bado ya Moto

Mwanangu Zawadi, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unasema madam wako huko Riyadh amekuonyesha jiko la kupasha joto sebule ya wageni, lile linalokula punje za mbao kama chakula cha sungura, pamoja na mashine ya kuvuta majivu yake yenye vichwa vinne, nawe ukamjibu, "Halas, madam, najua." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kuna asubuhi moja nilipoisema mimi halas hiyo, yaani yamekwisha, na haijanitoka moyoni mpaka leo ninapozeeka hapa Jeddah. Ngoja nikusimulie kabla hujaichomeka mashine hiyo ukutani.

Nilikuwa sijafika thelathini, nina miezi minne tu tangu nitoke kwetu Taita. Miaka ile kila kijiji kilikuwa na msichana anayesubiri viza ya Saudia, na wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Nyumba yetu ya Riyadh ilikuwa na wafanyakazi wawili: mimi wa usafi, na Mama Rehema wa Tanga, mpishi, aliyenipita miaka ishirini na ushee. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kujifungua. Baba wa nyumba, ndiye kafili wetu, mdhamini aliyeshika viza zetu, alikuwa amekubali kumpa Mama ruhusa ya kwenda kumpokea mjukuu. Begi lilishafungwa. Kila siku alilifungua akavikunja upya vinguo vya mtoto, nami nikimtania kwamba vitachakaa kabla havijavaliwa.

Asubuhi hiyo madam alinionyesha vichwa vya mashine kimoja kimoja, kwa Kiarabu cha mbio. Katika maneno matano nilidaka moja.

"Maalum?" akauliza. Umeelewa?

"Maalum, madam."

"Nar halas?" Akanyoosha kidole kwenye jiko, yaani, moto umekwisha?

"Halas."

Sikuwa nimegusa hata mlango wa jiko lenyewe. Niliogopa kuonekana mshamba, basi.

Alipoondoka nilichagua kichwa kipana chenye nywele za plastiki. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa kikubwa, nikaona kitamaliza kazi upesi. Majivu yalikuwa mepesi, yametulia kabisa. Nikavuta. Kufumba na kufumbua nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, bomba likalainika mkononi mwangu, na mashine ikaanza kutema moshi na majivu kwenye mito myeupe. Nikalitupa bomba chini. Kichwa chake kikaangukia zulia na kulitoboa.

Mama Rehema alikuja mbio kutoka jikoni, akang'oa waya ukutani, akaikumbatia mashine kwa kanga yake mpaka uani, akaimwagia mchanga. Madam alipotokea alimkuta yeye ndiye ameshika bomba. Alifoka, akamalizia kwa maneno ambayo hata mimi wa miezi minne niliyaelewa: "Mafi safar!" Hakuna safari.

Mama Rehema alinitazama. Alikuwa akinisubiri niseme. Nami, mwanangu, nikaangalia miguu yangu.

Tuliporudi jikoni hakunigombeza. Alivimwagia maji vidole vyake vilivyoanza kutoa malengelenge, kisha akaniuliza, "Hivi nyie huko kwenu, moto wa jioni mwauwekaje ufike asubuhi?"

"Tunaufukia kwenye majivu, Mama."

"Kumbe wajua," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Ningekuwa nimepigwa kofi ningesikia nafuu. Utoto wangu wote nilichokoa makaa mekundu ndani ya majivu kama yale, bibi akinihimiza niwahi shule. Mbele ya mashine inayong'aa nikakitupa nilichokijua, nikajifanya kujua nisichokijua.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikaona Mama anatoa vinguo vya mtoto begini na kuvirudisha kabatini, nikashindwa. Nilikwenda kwa madam nikilia. "Mimi, madam. Si Mama. Ni mimi." Akakaa kitini. Hakuwa mtu mbaya. Akasema safari ipo. Lakini baba alikuwa ameondoka jana yake kuja huku Jeddah kikazi, na ruhusa ilikuwa mkononi mwake. Alikaa huku wiki nzima. Mama Rehema alipofika Tanga, alimkuta mjukuu ana siku nne.

Siku nne hizo ni zangu, Zawadi. Ningesema asubuhi ile ile, angekuwepo.

Nilimwomba radhi kwa simu. Jibu lilikuja na sauti ya kichanga nyuma yake: "Halas, mwanangu. Yamekwisha." Yeye aliisema akiwa amemaliza kweli, si kama mimi.

Basi, weka simu chini urudi kwa madam wako. Mwambie hukuelewa, akuonyeshe tena. Akisonya, mwache asonye. Jiko lizimwe, majivu yalale mpaka kesho yake, na hata hapo uyachokoe kwa chuma kwanza uone kama kuna chekundu. Kichwa chembamba cha chuma ni cha pembeni na nyuma ya kikombe cha moto, pale punje zinapoungulia, brashi ndogo ya duara ni ya kioo cha mlango, kile kipana cha chuma ni cha sakafu ya ndani ya jiko. Chenye nywele za plastiki ni cha zulia, kisikaribie jiko. Na kikiharibika kitu mkononi mwako, sema "ni mimi" saa hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka, kwa maana hujui ni safari ya nani unayoizuia.

Mungu akulinde mikono, mwanangu, akupe kibali katika nyumba hiyo. Na siku yako ya kwenda nyumbani ikifika, pasiwe na mtu kama mimi wa kukuchelewesha.