Kiu Juu ya Ufaransa

Katika saluni moja ya Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, ninakonunua mafuta ya nywele, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe kwamba ndege ya mkwe wangu ilianguka Ufaransa nami nikiwa ndani. Nilipopita tena, haikuwa imeanguka, ilikuwa imeishiwa mafuta. Mara ya tatu injini ilikuwa imezimika, mimi nimewaita watakatifu wote mmoja mmoja, na mkwe wangu ameishusha ndege katikati ya ng'ombe. Nimekuwa mtumishi wa serikali maisha yangu yote ya kazi, kwanza Bukavu katika ofisi za mkoa, kisha hapa Brussels katika nyumba ya komuni, yaani manispaa, kwenye dirisha la vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Sivumilii jambo lililotokea lisimuliwe visivyo. Kwa hiyo naliandika. Ndege haikuanguka. Mafuta yalikuwamo. Injini haikukohoa hata mara moja. Tulitua kwa sababu watu wawili wenye adabu, mmoja wao akiwa rubani, walikuwa wamekataa kunywa maji.

Mkwe wangu ni mume wa binti yangu wa pekee. Kazi yake ni ufundi wa lifti, na kwa miaka mingi Jumamosi zake zote zilimezwa na shule ya urubani, kwenye uwanja wa majani ulio kusini mwa mji. Siku alipopata leseni hakunipigia simu. Alikuja kwangu Evere, karibu na uwanja mkubwa wa ndege, amevaa koti na tai, akaketi ukingoni mwa kiti, akaniomba rasmi nikubali kubebwa naye hadi kwenye harusi ya mdogo wangu wa mwisho, katika mji mmoja ulio chini ya milima ya Pirenei. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Utotoni mwangu Kivu, ndege ndogo zilikuwa za mapadri na za wafanyabiashara wa dhahabu. Watoto wa makarani tulizitazama kutoka chini mpaka shingo zikauma. Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa nikisimama kwenye balkoni yangu kuzitazama ndege kubwa zikishuka juu ya paa letu, na kwa mara ya kwanza nikaziona kama mabasi tu.

Lazima nieleze adabu iliyopo kati yetu, maana bila hiyo hakuna litakaloeleweka. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawaoneshani mahitaji ya mwili. Mimi siendi msalani yeye akiwa sebuleni. Yeye, tangu amwoe binti yangu, hajawahi kutumia choo cha nyumba yangu hata siku moja. Akibanwa, huaga kwamba anakwenda kutazama gari, kisha hutembea mpaka mkahawa wa kituo cha tramu. Nalijua hilo, naye anajua kwamba nalijua, na hakuna aliyewahi kulitaja. Nilijivunia mkwe wa namna hiyo. Nilipowasikia wenzangu wa kanisani wakilalamika juu ya wakwe zao, mimi nilinyamaza kimya cha mtu mwenye mali.

Mpango ulikuwa binti yangu akae mbele na mumewe, nami nyuma, na kwa utaratibu huo kila kitu kingekuwa sawa. Lakini siku ya kuamkia safari mtoto wao alishikwa na homa, na binti yangu akaamua kubaki. Alinipokea jikoni kwake, akanipa mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vifuko vya duka la dawa vyenye unga unaogandisha mkojo kama uji uliopoa, chupa ya mdomo mpana ambayo alisema ni ya mume wake, na kidude cha plastiki chenye umbo la faneli kilichokusudiwa wanawake. Alinieleza matumizi yake kwa utulivu, kama anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko. Nilimwuliza kama ameishiwa na haya.

"Maman, ni plastiki tu."

"Mbele ya mukwe si plastiki," nilimjibu.

Alicheka mpaka akaegemea friji. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikafanya uamuzi ambao, kwa fikra zangu za wakati ule, ulikuwa wa busara kabisa: sitakunywa chochote mpaka tufike. Chakula cha jioni nilikula kikavu. Asubuhi niliitazama chai yangu ikipoa, nikaimwaga.

Uwanjani tulimkuta mwalimu wa mkwe wangu, mzee wa Kibelgiji aliyewahi kuwarushia mapadri ndege huko Kivu, na ambaye hadi leo huzungumza Kiswahili cha zama zile. Aliizunguka ndege pamoja na mwanafunzi wake, kisha akatusimamisha mbele ya bawa. Alituambia tunywe maji kidogo kidogo njia nzima, tuache kahawa, na twende choo kabla ya kuondoka hata kama haja haipo. Halafu akamnyooshea mkwe wangu kidole.

"Rubani ya kiu ni sawasawa rubani ya pombe," alisema. "Ila hii ya kiu, yeye hajui."

Sote wawili tuliitikia ndiyo, kwa heshima. Choo cha klabu kilikuwa na mlango unaotazamana na meza ambayo mkwe wangu alikuwa ameinamia ramani. Sikwenda. Naye, nilivyokuja kutambua baadaye, hakwenda, kwa kuwa nilikuwa nimeketi kwenye benchi la upande wa pili.

Nikiwa nangoja nilisoma kijitabu cha abiria mara mbili. Kilieleza mkanda, mlango, kizimamoto na jaketi la kuokolea. Kuhusu kibofu cha binadamu atakayefungwa ndani ya kijumba kile kwa saa kadhaa bila choo, hapakuwa na neno. Nani aliidhinisha waraka kama huo? Katika ofisi yangu ungerudishwa siku hiyohiyo.

Lakini tulipoondoka nilisahau hasira zote. Majani yalikimbia chini yetu, magurudumu yakaruka, yakagusa, yakaruka, na ghafla mitikisiko ikakoma kana kwamba mtu ameinua sahani kutoka mezani. Niliketi mbele, kwenye kiti cha binti yangu, na mbele yangu palikuwa na usukani wa pili uliokuwa ukicheza wenyewe, ukifuata mikono ya mkwe wangu. Mbali nyuma yetu kuba la kijani la kanisa la Koekelberg lilionekana dogo kama kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nimekaza mkoba mapajani, na machozi yalinitoka. Hayo ndiyo machozi pekee ya safari ile, na yalikuwa ya furaha. Naomba saluni izingatie.

Tulivuka mpaka bila kuonesha kitambulisho kwa mtu yeyote. Mashamba ya ngano yalikuwa yamenyooka kama kurasa. Mkwe wangu alinionesha mto, reli, kanisa kuu moja, na kila alichonionesha nilikisifu. Kati ya viti vyetu zilisimama chupa mbili za maji, yake na yangu. Kila mmoja alimkaribisha mwenzake anywe, kila mmoja akashukuru, na chupa zikabaki zilivyo.

Jua lilipanda na kioo cha mbele kikageuka tanuri. Ulimi wangu ulishikamana na kaakaa kama unga mkavu, na kichwa kikaanza kugonga. Ajabu yake, pamoja na ukavu wote huo, haja ndogo nayo ilikuwa imenibana. Anayedhani kutokunywa ni dawa ya haja hajafikisha umri wangu. Nilijiambia kwamba mtumishi wa serikali anajua kungoja.

Ndipo nikaisikia redio. Tulikuwa tumevaa visikizi, na nilimsikia mwongozaji wa anga, kwa Kifaransa, akimpa mkwe wangu kimo cha kuruka. Mkwe wangu alikirudia, lakini alikirudia vibaya. Mwongozaji akamsahihisha. Baada ya muda akapewa namba za redio mpya, akazirudia akiwa amegeuza mbili za mwisho. Mimi nimewasomea watu namba zao za utambulisho dirishani na kuwasikia wakinirudishia, miaka na miaka. Mtu aliyezikosea kwa haraka husahihisha mwenyewe. Asiyejua kwamba amekosea, huyo ana tatizo. Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa akibana jicho moja na kusugua kipaji cha uso. Nikaitazama chupa yake: kizibo hakikuwa kimekatwa.

Nilielewa yote kwa mkupuo. Huyu kijana alikuwa amejifungia kiu kwa ajili yangu, kama mimi nilivyojifungia kwa ajili yake. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mzigo tu, na yeye ndiye aliyeshikilia uhai wetu. Kusema kungekuwa kuvunja jambo tulilolitunza tangu siku ya mahari. Kunyamaza kungekuwa kumwacha mlevi akiendesha.

"Mukwe wangu," nilisema, "tangu asubuhi haukunywa maji."

"Nilikunywa, Maman."

"Chupa iko bado na kizibo yake."

Aliitazama chupa, kisha akarudisha macho mbele.

"Bon. Mimi niko na lazima ya kwenda inje," nikasema. "Na wewe pia uko nayo. Tushuke."

Nikaisikia sauti yake masikioni mwangu, imekauka kabisa. "Maman, inje iko mbali kidogo."

Tulicheka. Kicheko chenyewe kiliuma, kwa sababu ambazo msomaji mwenye kibofu atazijua. Nilifungua chupa yake kwa mkono wangu, nikamkabidhi, nikamsimamia mpaka alipokunywa. Kisha nikanywa yangu mbele yake, bila kuficha koo. Alitafuta kwenye ramani uwanja ulio karibu, akazungumza na mwongozaji polepole, na safari hii nilihakikisha kila namba aliyoirudia. Alipokosea moja nilimwambia, naye akaisahihisha bila kununa. Tulitua kwenye uwanja wa majani pembeni mwa kijiji. Ng'ombe walikuwapo kweli, ila ng'ambo ya ua, na hawakushughulika nasi.

Choo kilikuwa kimoja, kibanda cha mbao. Hapo tukaingia katika mgogoro. Alisimama kando na kuniashiria nitangulie, kwa kuwa mimi ni mzazi. Nilikataa. Akasisitiza, huku akiwa amebana magoti. Nikamwambia, kwa sauti niliyoitumia zamani kwa watu waliovuka foleni, kwamba rubani ndiye anayeturudisha juu, na kwa hiyo rubani kwanza. Alikimbia. Niligeukia shamba la ngano na kulisoma kwa makini mpaka mlango ulipofunguka. Kisha nilikwenda mimi, naye akawageukia ng'ombe.

Tulikaa kivulini chini ya bawa mpaka kichwa chake kilipotulia na rangi ya uso kurejea. Hapo ndipo tulipoweka utaratibu, wazi, kama watu wazima: maji kidogo kidogo, wote wawili, na anayebanwa aseme. Tuliporuka tena nilikuwa na furaha kuliko asubuhi. Hewa ilikuwa imetulia kama maziwa. Tulikunywa kwa zamu, tukihimizana, na hatimaye mbali mbele yetu palitokea mstari mweupe ambao nilidhani ni mawingu, hadi ulipokataa kusogea. Ilikuwa ni milima yenye theluji.

Hapo akakohoa. Alisema kwamba imebidi, na kwamba ataomba mfuko wa binti yangu. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani. Niliuvuta mfuko kutoka kiti cha nyuma, nikampa chupa ya mdomo mpana. Akaniomba niweke mikono kwenye usukani wa pili. Ndege alikuwa ameisawazisha, na kwa kumbukumbu sahihi niseme kwamba angeweza kuichukua wakati wowote. Kazi yangu ilikuwa kuikaza pua ya ndege kwenye mlima mmoja uliochongoka, nisiangalie kitu kingine.

Niliushika. Ulikuwa hai mikononi mwangu. Ndege nzima, pamoja na mkwe wangu na mambo yake, ilining'inia kwenye vidole vyangu, na mimi, mtoto wa karani aliyekuwa akitazama kutoka chini, niliielekeza kwenye mlima wa theluji nao ukaja. Nisingeweza kugeuka hata kama ningetaka.

"Maman," ilisema sauti masikioni mwangu, ya mtu anayetafuta la kuzungumza, "mulima iko muzuri?"

"Iko muzuri sana," nilimjibu. "Maliza kwanza, halafu na wewe utaiangalia."