Mtu Niliyemwita Mwizi

Siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Umeniuliza kama ni vizuri kumpeleka mtoto wako Durban wakati huu wa baridi, na najua wote uliowauliza kabla yangu wamekuambia uwe macho na watu. Mimi pia nitakuambia uwe macho. Lakini kaa kwanza, nikueleze jinsi mimi nilivyokuwa macho, na yaliyompata mtu mmoja kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Mimi na mume wangu, sote Wakongomani wa Uvira, tulikuwa wageni katika mji mdogo wa bara, mbali na Durban, kule juu karibu na milima, yeye akilinda ghala. Huko baridi si ya mchezo. Asubuhi unakuta maji ya ndoo yameshika ganda la barafu. Binti yetu Furaha alikuwa hajatimiza miaka miwili, na kwa wiki nyingi alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kilichotunyima usingizi. Wifi yangu Mapendo, aliyekuwa akikaa mtaa wa Overport na kusuka nywele katika saluni moja katikati ya Durban, akanipigia simu.

"Leta mtoto huku," akasema. "Durban haina baridi ya kuua mtu. Lakini unisikie vizuri, Mama Furaha. Ukishuka kwa taxi, usimpe mtu mtoto hata kama iko na sura ya pasta."

Hakuwa na wazimu. Ilikuwa miaka michache tu baada ya zile fujo za kufukuza wageni, na sisi tulikuwa bado tunazungumza kwa sauti ya chini mbele za watu, lugha yetu isijulikane. Kwa hiyo nilimfunga Furaha mgongoni, nikamfunika na blanketi lake jekundu, mkoba nikauweka kifuani, nikapanda taxi, zile basi ndogo za abiria za huko, nikiwa nimekaza uso kama mtu anayekwenda mahakamani.

Mama mmoja wa Kizulu aliyekaa nyuma yangu alimgusa mtoto mguu, akasema kitu huku akicheka. Nikauvuta mguu. Baadaye nikaona soksi moja haipo. Nikasema moyoni, ameichukua! Soksi moja ya mtoto, mwanangu. Aifanyie nini? Sikujiuliza. Nilimtazama mama yule kwa jicho baya njia nzima, mpaka akageukia dirishani. Jioni nikaikuta soksi ndani ya mikunjo ya blanketi, na hata hapo sikujicheka. Nilichofikiri ni kwamba labda aliogopa, akairudisha.

Ukifika hapo, kila kitu kinakuwa ushahidi. Jirani wa Mapendo alishika mlango ili nipite na mtoto, nikajiuliza anataka kuona tunaingia chumba gani. Mlinzi wa jengo aliniuliza natoka wapi, nikamjibu nimesahau. Mapendo alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuniambia niache. Aliniambia, "Bora hivyo kuliko kulia."

Siku tatu za kwanza kulikuwa na jua, na kikohozi kikapungua. Siku ya nne upepo ukaja kutoka baharini na mvua ya chembechembe, baridi ile inayoingia kwenye mikono ya sweta. Mapendo akasema tusibaki peke yetu nyumbani, twende naye saluni, kule kuna watu wengi na joto la mashine za kukaushia nywele.

Saluni ilikuwa ndani ya ujia wa maduka unaotokea barabarani, karibu na robot, ndivyo huko wanavyoziita taa za barabarani, na kituo cha taxi. Mkabala nayo kulikuwa na meza ya mtu aliyetengeneza simu, Mkongomani wa Bukavu, umri wake kama miaka arobaini, jina lake Fiston. Pembeni, mama mmoja mzee alikaa na cherehani yake akifupisha suruali na kubadilisha zipu. Watu walimwita Bi Zuhura. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Durban, babu wa babu zake waliletwa huko kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili alikuwa nacho, cha polepole, kama mtu anayefungua sanduku la mama yake.

Fiston alipotuona alisimama, akampa Furaha biskuti.

"Karibuni, mama. Mtoto mzuri. Anaitwa nani?"

Kwa nini anataka jina? Ndivyo nilivyofikiri. Mwenye nia mbaya huanza na jina, ili mtoto akiitwa aitike. Nikamtazama usoni, nikamdanganya.

"Anaitwa Rose."

"Rose! Sawa, Rose, karibu Durban."

Nikaichukua ile biskuti mkononi mwa mtoto, nikaitupa kwenye pipa, na akaniona. Alirudi kwenye simu zake.

Kama saa sita mchana nilitoka na Furaha kwenda mwisho wa ndani wa ujia kumtafutia koti. Mwenye duka alikuwa ametundika makoti ya watoto nje. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamfunga blanketi mabegani kama joho, nikasimama nipime mikono ya koti. Moja lilikuwa fupi. La pili lilikuwa na kifungo kilicholegea. Nikaangalia chini. Mtoto hayupo.

Mwanangu, siwezi kukueleza ule muda. Nikaangalia chini ya makoti, nikaangalia dukani, nikatoka barabarani, na kule mbele, katikati ya watu, nikaliona blanketi jekundu begani kwa mwanamume anayetembea haraka. Alipogeuza shingo nikamtambua. Yule yule wa biskuti.

Nikapiga kelele kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Kiswahili, Kiingereza, na neno la Kizulu la mwizi, ambalo mgeni hulijifunza mapema. "Mwizi! Mtoto wangu! Furaha! Furaha!"

Durban inajua neno lile. Wanaume waliokuwa wanaita abiria wa taxi waliacha kazi, wakamzunguka. Wa kwanza alimpiga shingoni. Fiston alipiga magoti, akamkunja mtoto ndani ya kifua chake, ngumi zikaangukia mgongo wake. Nilifika nikamnyang'anya mtoto wangu, na yeye hakumng'ang'ania, alimwachilia taratibu kabisa, akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, alikuwa anaingia barabarani. Nilikuwa namleta kwako."

Hapo hapo nilijua ni kweli. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilijua. Alikuwa anatembea kuelekea saluni, si kuikimbia. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ameshika kola ya shati lake kama anavyoshika ya baba yake.

Lakini mmoja wa wale wanaume alimwinua Fiston kwa shati, akamuuliza kwa Kiingereza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Rose," akajibu.

"Mama yake ameita Furaha! Hata jina halijui!"

Kisha wakasikia namna anavyotamka maneno, na mmoja akasema kwerekwere, lile tusi wanalotuita sisi wageni, na pale ghafla hawakuwa tena wanampiga mwizi wa mtoto. Walikuwa wanampiga mgeni. Nami nilikuwa mgeni. Katika kelele zangu walishika neno la mwizi na jina tu; nikianza kueleza, watasikia lugha yangu. Nikamficha Furaha ndani ya sweta langu, nikarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Nilimtazama mtu aliyemwokoa mwanangu akipigwa kwa uongo wangu, nikanyamaza. Nilisikia kiatu kikikanyaga mkono wake.

Aliyekuja ni Bi Zuhura. Alikuja na futi ya kupimia bado shingoni, mzee mdogo wa mwili, akapita katikati ya wanaume wale akiwagonga na kiwiko. Aliwasemesha kwa Kizulu, kile cha mtu aliyezaliwa nacho, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wajukuu. Alisema ameona kila kitu kutoka kwenye cherehani yake. Mtoto alipita mbele yake akielekea barabarani, yeye magoti yalimchelewesha, ndipo alipomwita huyu bwana, naye aliruka akamtoa mbele ya gurudumu la taxi. Mmoja akabisha, akamwambia habari ya jina. Bi Zuhura akanigeukia.

"Sema," akaniambia kwa Kiswahili. "Wewe ndiye mama yake. Sema."

Nikatikisa kichwa.

"Wamekwisha kukuona uso. Sasa wasikie na ulimi wako. Sema!"

Nikasema. Kizulu changu kilikuwa kibovu, lakini nilisema. Huyu si mwizi. Hilo jina la Rose nilimpa mimi. Nilimdanganya. Wanaume wale walinitazama kama kitu kilichotapikwa njiani. Mmoja akanicheka, mwingine akaniambia neno ambalo sitalirudia. Kisha robot ikabadilika, abiria wakaitwa, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Fiston pole.

Mapendo na wenzake walimpeleka hospitali. Mdomo ulishonwa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika. Ndio mkono wa kazi yake.

Bi Zuhura alinikalisha kwenye kiti cha wateja wake, akamfunika Furaha, akanipa chai. Nilidhani atanibembeleza.

"Kuogopa sikulaumu," alisema. "Nami nina wajukuu. Lakini umempa mtu jina la uongo, halafu ukaacha apigwe kwa jina hilo. Sauti ya kumwita mwizi ulikuwa nayo, mtaa mzima ulikusikia. Ya kumwokoa ilikwenda wapi?"

"Nilimwogopea mtoto, bibi."

"Mtoto ulikuwa naye mikononi. Ulijiogopea wewe."

Nikaiweka chai chini, nikamuuliza Fiston anakaa wapi.

Nilitakiwa kurudi kwa mume wangu Jumamosi. Nikampigia simu, nikamweleza yote bila kupunguza, akasema, "Baki huko mpaka huyo mtu aweze kushika kijiko." Nikabaki. Nilikwenda kwa Fiston na chakula. Mlango alifungua mkewe, mwanamke mrefu mwenye macho yaliyochoka. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Mama, mimi sina maneno mengi ya kukuambia," alisema. "Ile siku, kama wangemuua, ungekuya kwa matanga? Ama ungekuwa umesharudia kwenu?"

Akapokea sufuria, akafunga mlango. Kesho yake nikaenda tena. Siku ya sita aliniachia niingie, nikaosha vyombo. Kila asubuhi nilisimama kwenye meza ya Fiston, nikafungua simu kwa bisibisi, yeye akinielekeza kwa kidole cha kushoto, bila kusema neno lililozidi kazi. Nilikaa wiki tano. Furaha alipona kikohozi. Alikuwa akimkimbilia Fiston kila asubuhi akiinua mikono abebwe, naye aliweka mikono mfukoni, akageuka pembeni. Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa.

Siku ya kuondoka nilimwomba Fiston msamaha mbele ya Bi Zuhura. Alisema, "Nimekusamehe, mama. Nimeomba Mungu mpaka nimeweza." Nikaamini yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwaka uliofuata nilishuka tena Durban, nikapita kumsalimu. Vidole vilikuwa vimepona, kimoja kimepinda kidogo. Tulizungumza vizuri, akacheka hata. Halafu akainamisha kichwa juu ya simu aliyokuwa anaitengeneza, akaniambia bila kuniangalia:

"Wiki iliyopita nimeona mtoto mdogo pale kwenye robot. Analia, peke yake, mvua inanyesha. Nilisimama. Halafu nikapita."

"Akawaje?" nikauliza.

"Sijui, mama. Nilikuambia nilipita."

Mwanangu, vidole nilivifidia kwa wiki tano za kazi. Kelele zangu nilizitubu. Lakini mtoto yule wa mvuani sijawahi kumwona, sijui kama mama yake alimpata, na nikiwa peke yangu ndiye anayenijia. Durban ilikuwa na mtu mmoja anayeweza kuruka mbele ya taxi kwa ajili ya mtoto asiye wake, na mimi nilimfundisha kupita.

Basi nenda. Mpeleke mtoto wako, mvishe soksi mbili mbili, mfunge mgongoni, usimshushe mbele ya duka ukaanza kuchagua koti. Usimpe mtu usiyemjua mtoto wako, hilo sikuzuii, na mimi mpaka leo mkoba wangu uko kifuani. Shuku, lakini shuku kwa macho, usishuku kwa mdomo. Kabla hujamwita mtu mwizi katika mtaa uliojaa watu, tazama anaelekea wapi, tazama mtoto amekaaje mikononi mwake, kisha muulize. Na ukishajua kwamba umekosea, sema hapo hapo, kwa sauti ile ile uliyomlaumia, hata kama ulimi wako utakutambulisha. Ukingoja uwe salama ndipo useme kweli, mwenzako atakuwa amekwisha kulala chini.

Mungu akushike mkono barabarani, mwanangu, na mtoto wako arudi amepona. Na siku akikuponyoka, maana watoto huponyoka, amkute mtu ambaye bado hajafundishwa kupita.